Kidonge Kilicholala Uwanja wa Ndege

Kila alipojaza fomu ya kuagiza dawa za mionzi, Mfamasia alikuwa na kawaida moja ambayo hakufundishwa na mtu. Kwenye kisanduku cha maelezo, ambacho wenzake walikiacha wazi au walikichora kistari, yeye aliandika jina la mgonjwa, jina lake na la baba yake. Aliamini kwamba huko ng'ambo, kiwandani, mtu aliyevaa glavu akifunga kidonge ndani ya chombo chake kizito cha madini ya risasi, akiliona lile jina, atakumbuka kwamba anamfungia binadamu.

"Huko wanasoma kipimo na tarehe, basi," Mzee wa Stoo alimwambia zaidi ya mara moja. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kupokea mizigo, mzee aliyebakiza meno machache na utani mwingi. "Hilo jina unawaandikia malaika, binti."

"Malaika nao wasome, mzee. Kwani wana kazi gani nyingine?"

Kitengo chao kilikuwa chini kabisa ya hospitali, mwisho wa korido isiyo na dirisha, nyuma ya mlango mzito ambao Mfamasia aliufungua kwa kuusukuma kwa bega. Ndani kulikuwa na meza ya chuma, ukuta mfupi wa matofali ya risasi, na kipima mionzi kilichotundikwa msumarini, kikilia tik, tik, kama mtu anayesikitika kwa mbali. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mitatu tu tangu atoke chuo, na aliingia mle kila asubuhi kama mtu anayeingia nyumba ya ibada. Hakuona haya kusema hivyo. Dawa iliyopikwa ndani ya mtambo wa nyuklia, ikavuka bahari kwa ndege, ikaja kumtafuta adui mmoja tu mwilini mwa mtu mmoja. Kwake yeye, dunia ilikuwa haijatengeneza kitu kizuri kuliko hicho.

Mwaka huo, jina aliloandika kwenye kisanduku lilikuwa la dada yake.

Dada yake mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mteja akija kupima shati la mtoto aliondoka anajua nani kaachwa, nani kahama, na kwa nini mchungaji wa upande wa pili hanunui tena nyama kwa yule mwenye bucha. Mama yao alipofariki, Chiriku alikuwa na miaka kumi na saba na Mfamasia minne. Alimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani. Alimsomesha kwa cherehani hiyo hiyo. Alipoota uvimbe shingoni alisema ni maneno yaliyokosa nafasi ya kutoka. Haikuwa maneno, ilikuwa saratani ya tezi ya shingo. Daktari alimpasua, akaitoa tezi yote, lakini picha ikaonyesha vidoa vimeshatangulia kwenye mapafu.

Daktari alikuwa mwanamama mnyoofu asiyependa kuzunguka. Aliweka picha ya pili mezani, ile iliyopigwa baada ya Chiriku kunywa tone dogo la majaribio. Vidoa viliwaka kama makaa.

"Unaona vinavyowaka? Hiyo ni habari njema," alisema. "Vina kiu. Vinakunywa madini joto, haya haya yanayowekwa kwenye chumvi. Sasa sisi tutavipa madini joto yenye mionzi, kidonge kimoja kikubwa. Vitakinywa vyenyewe, na vitakufa vyenyewe."

"Yaani tunavitegea pombe," Chiriku alisema.

"Hasa."

"Daktari, wewe ungekuwa fundi cherehani ungekuwa tajiri."

Ila kulikuwa na sharti. Ili vidoa viwe na kiu ya kweli, ilibidi Chiriku aache kwa wiki nne vile vidonge vidogo vya kila siku vilivyofanya kazi ya tezi yake iliyotolewa. Wiki mbili za mwisho hakupaswa kugusa chumvi ya dukani, samaki, mayai wala maziwa. Mwili usio na tezi wala vidonge hupoa taratibu kama pasi iliyochomolewa kwenye umeme. Kwa hiyo hesabu ilikuwa lazima ikae sawa: siku mwili unapofika chini kabisa ndiyo siku kidonge kinapofika. Nacho kidonge hakina subira. Kila siku nane zikipita, nguvu yake inabaki nusu, kiwe tumboni mwa mgonjwa au juu ya rafu.

Mfamasia aliipanga hesabu hiyo mwenyewe. Aliagiza kidonge ambacho Jumatatu ya kumezwa kingekuwa na nguvu mia moja na sitini kwa kipimo chao. Ndege ingetua Ijumaa. Alihesabu wiki nne kurudi nyuma, akamwambia dada yake, "Kesho usimeze."

Chiriku hakumeza.

Wiki ya kwanza alitania. Wiki ya pili alivaa sweta mchana wa jua. Wiki ya tatu uso ulimvimba, vidole vikawa vinene, uzi ukagoma kuingia kwenye tundu la sindano, akaanza kulala akiwa ameegemea mashine. Wiki ya nne sauti ilishuka ikawa nzito, na maneno yakamtoka moja moja, kama mtu anayeyaokota sakafuni. Mume wake, ambaye Mfamasia alimwita Shemeji, alikuwa fundi mwashi mwenye sifa ya kutosema zaidi ya maneno saba kwa siku. Ghafla nyumba ile ilikosa mtu wa kuongea.

"Sasa... tumekuwa... sawa, mume wangu," Chiriku alimwambia, na Shemeji akainamia sahani yake ya chakula kisicho na chumvi. Alikuwa akila naye hicho hicho, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

*

Ijumaa Mfamasia na Mzee wa Stoo walifika ghala la mizigo la uwanja wa ndege saa mbili asubuhi, na gari la hospitali lenye alama ya njano ubavuni. Wakala wa mizigo, kijana wa mashati ya kung'aa aliyewatolea vifurushi vyao siku zote, hakuwapungia mkono kama kawaida. Aliwaita pembeni.

"Mzigo umefika, upo," alisema. "Lakini umepigwa muhuri mwekundu."

"Wa nini? Karatasi zote ziko sawa."

"Za zamani ziko sawa. Hizi ni kanuni mpya za ulinzi wa nyuklia, zimeanza mwezi huu. Mkaguzi amefungua fomu ya oda, ameona jina la mgonjwa, ameona jina lako wewe mpokeaji. Baba mmoja." Akamtazama kwa huruma. "Ni ndugu yako?"

Mfamasia alizijua kanuni hizo. Kurasa thelathini na mbili. Yeye ndiye aliyezisoma kwa sauti kitengoni na kuwafafanulia wenzake. Ziliruhusu watu wawili tu kupokea mzigo wa mionzi, waliochunguzwa na polisi na kuandikishwa, nao ni yeye na Mzee wa Stoo. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema mpokeaji asiwe na uhusiano wa kindugu na mtu yeyote atakayenufaika na mzigo. Ukiwepo, mzigo uzuiwe mpaka kamati ifanye uchunguzi wa siku kumi na nne za kazi. Alipoisoma sentensi ile aliwaza wezi na wauza silaha. Hakuwaza mtu aliyevaa sweta juani.

"Ungeacha kisanduku kitupu," Mzee wa Stoo alisema polepole kwenye gari. Mara moja akajuta. "Nisamehe, binti. Mdomo wangu nao haujui kufunga."

Nyuma yao gari lilikuwa tupu, na kila walipopita shimo, kamba za kufungia mzigo ziligonga ubavuni.

*

Daktari aliposikia alichukua kalamu. "Jumatatu hii kitakuwa mia na sitini. Siku nane baadaye, Jumanne ya wiki ya pili, ni themanini. Themanini naweza kuitumia, kwa shingo upande. Chini ya hapo nitakuwa natekenya vidoa, siviui, na nitakuwa nimepoteza kiu yao bure. Kwa hiyo jumla una siku kumi na moja. Kimbia."

Akakimbia. Kwanza aliuliza kama anaweza kuondolewa kwenye orodha ya wapokeaji, awekwe mwingine. Inawezekana, alijibiwa, ila uchunguzi wa polisi kwa mtu mpya ni wiki sita. Mzee wa Stoo apokee peke yake? Kanuni inasema wawili, na kwa sababu nzuri.

Ofisi ya Mkaguzi ilikuwa ghorofa ya tatu kwenye jengo lenye ngazi za sementi zilizolika katikati. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliyesimama kumpokea mgeni na kumvutia kiti. Mfamasia alikuwa amejiandaa kumchukia, na kiti kile kilimharibia.

"Mwanangu, nimeuona mzigo," alisema. "Najua ni dawa. Najua hakuna bomu linalotengenezwa kwa kidonge kile."

"Sasa kwa nini, mzee?"

Mkaguzi alivua miwani. "Kabla ya kanuni hizi, kulikuwa na fundi mmoja wa kupima mabomba kwa mionzi. Mtu mzuri, msomi, hana doa. Shemeji yake alipata kazi ya bomba, akamwomba chombo chake cha mionzi kwa siku mbili tu. Akampa. Undugu huo. Chombo kikaanguka kutoka kwenye gari, kikaokotwa, kikafika kwa wauza vyuma chakavu. Tulizika watu wanne. Mmoja aliniomba maji, na mikono yake ilikuwa haiwezi tena kushika kikombe." Akavaa miwani. "Kanuni hii haikuandikwa kwa ajili yako. Iliandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja hapa siku moja akiwa na sura nzuri kama yako."

Aliahidi kuiomba kamati ikae mapema. Kamati ni watu watatu, na mmoja alikuwa safarini kwenye mkutano wa usalama wa mionzi. Mfamasia nusura acheke.

Alipokuwa anashuka ngazi, Wakala alimpigia simu.

"Dada yangu, sikiliza. Nimeuliza watu. Kuna njia ya siku moja. Unaandika barua mistari miwili: huyo mgonjwa si ndugu yako, majina yamegongana tu. Unasaini. Mpokeaji akikanusha kwa maandishi, Mkaguzi anaachia papo hapo, ndivyo kanuni ilivyo. Majina ya baba yanafanana kila mtaa. Nani atafuatilia?"

*

Alifika kwa dada yake jioni, jua halijazama. Chumba cha cherehani kilikuwa na marundo ya vitambaa vya bluu visivyoguswa. Chiriku alikuwa kitandani chini ya mablanketi mawili, kovu la shingoni likimeta kwa uvimbe. Mfamasia alimweleza yote, hata habari ya barua. Hakuwa na kawaida ya kumficha kitu.

"Andika," Chiriku alisema.

"Dada..."

"Nikane. Mimi... nitakuwa... mteja." Akatabasamu nusu, misuli haikufika mbali.

"Wakigundua watafunga kitengo kizima. Watanyang'anya leseni. Kuna watu sitini kwenye daftari langu wanaosubiri dawa kama yako."

Chiriku alifumba macho, akayaokota maneno. "Hao sitini... nani kati yao... alikubeba mgongoni?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na bakuli.

"Usinisikilize," Chiriku alisema. "Ni baridi... inaongea."

Mfamasia alirudi chumbani kwake akaketi na karatasi. Aliandika, "Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba mgonjwa huyu si," akasimama. Aliandika mara tatu, na mara zote tatu kalamu ilikataa palepale. Baadaye watu walipomsifu kwa uadilifu alitamani kuwanyamazisha, kwa sababu hakujua kama ulikuwa uadilifu. Aliwafikiria wale sitini, ni kweli. Aliwafikiria pia watu wanne wa Mkaguzi. Lakini zaidi aliiona ile sentensi ikikaa kwenye faili mahali fulani, na sahihi yake chini, ikisema kwamba hana dada. Asubuhi alipeleka barua nyingine: ndiyo, ni dada yangu wa tumbo moja, na hii hapa ripoti ya Daktari, na hizi hapa siku zilizobaki.

Mkaguzi aliisoma mara mbili.

"Mungu anisamehe," alisema kwa sauti ya chini, "nilitegemea uniletee ile nyingine, ya kukanusha. Nisingekuwa na la kuuliza. Sasa umeniletea ukweli, mwanangu, na ukweli una hatua zake."

Alizifuata hatua zile mbio. Mfamasia alimwona kwa macho yake, mtu wa umri ule, akipanda na kushuka ngazi zilizolika na faili kwapani. Jumanne ya mwisho ilifika na kamati haijakaa. Siku ya kumi na sita tangu ile Jumatatu ya kumezwa, nguvu ya kidonge ilikuwa arobaini, na moyo wa Chiriku umeanza kuzungukwa na maji. Daktari hakusubiri tena. Alifungua droo, akatoa vile vidonge vidogo vya kila siku, akamwekea Chiriku kimoja ulimini kwa mkono wake.

"Tunaanza upya," alisema. "Miezi mitatu mwili urudi, halafu wiki nne tena za kuacha, tuagize kingine. Safari hii wapokeaji wawe wengine kabisa."

Korido ilikuwa ndefu. Shemeji alitembea kando ya Mfamasia mpaka mlango wa nje. Pale aligeuka. Hakupandisha sauti.

"Ungeandika tu," alisema.

*

Kamati ilikaa ikamsafisha Mfamasia kwa barua yenye maneno ya heshima. Mzigo ulifunguliwa siku ya ishirini na nne. Yeye na Mzee wa Stoo waliupokea, wakausaini, wakaushusha kwa kamba mpaka chini. Aliweka kidonge kwenye kipimo nyuma ya matofali ya risasi. Ishirini. Ishirini kamili, kama alivyofundishwa ubaoni.

"Tunakitupa?" Mzee wa Stoo aliuliza.

Hakikutupwa. Kwenye daftari kulikuwa na fundi simu mmoja ambaye tezi yake haikuwa na saratani, ilikuwa na wazimu tu: ilimkimbiza moyo, ilimtoa macho, ilimtetemesha mikono hata akashindwa kushika bisibisi. Mgonjwa wa namna ile anahitaji dozi ndogo. Ishirini ilimtosha kama aliyepimiwa. Daktari alisema itakuwa dhambi kuiacha ife kwenye rafu, na Chiriku, ambaye vidonge vilikuwa vimeanza kumrudishia ulimi, alisema, "Mpe. Mimi nimekishona, yeye akivae."

Fundi simu alikimeza kwa glasi ya maji, ameishika kwa mikono miwili. "Kina ladha gani?" alimuuliza Mfamasia akicheka, "mbona sijasikia kitu?" Mfamasia alimwambia hakina ladha. Alimpa maelekezo yote, akae mbali na watoto, alale peke yake, avute maji mara mbili chooni. Alipotoka, Mfamasia alisimama akiitazama ile glasi mpaka Mzee wa Stoo alipoichukua kwa koleo na kuiweka kwenye pipa la takataka za mionzi. Kwa mara ya kwanza mzee yule hakuwa na utani.

*

Mzigo wa pili ulikuja baada ya miezi mitano. Walioupokea walikuwa Mzee wa Stoo na nesi mpya aliyechunguzwa na kupitishwa. Mfamasia hakugusa hata kipande cha karatasi. Ndege ilitua saa nne, saa tisa kidonge kilikuwa hospitalini, nguvu yake haijapungua kitu cha kutaja. Kila mtu alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Mkaguzi alipiga simu mwenyewe kuuliza kama kimefika salama.

Chiriku, amevimba tena, anatetemeka tena, alikimeza Jumatatu asubuhi. Alikaa siku tatu kwenye chumba cha peke yake chenye kuta nene. Kisha akarudi kwenye vidonge vyake vya kila siku, na siku ya nane akaitwa kupigwa picha, kuona dawa imekwenda wapi.

Shemeji aliwaleta. Waliposubiri picha alitoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Daktari alikuwa bado chumba cha pili akizungumza na simu, na picha ilitokea kwenye kioo cha kompyuta mbele ya wale ndugu wawili peke yao.

Mapafu yalikuwa meusi. Hakuna kilichowaka. Mahali pale ambapo miezi saba nyuma kulikuwa na makaa, palikuwa kama usiku usio na nyota.

Chiriku aliegemea mbele. Alitazama, akatazama tena, halafu akapiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Pamekuwa safi!" alisema. "Mungu wangu wee. Hakuna hata kimoja! Mdogo wangu, tazama, pamefagiliwa!"

Mfamasia alikuwa ameshaiona ile nyingine, picha ya kawaida ya mapafu iliyopigwa asubuhi hiyo. Humo vidoa vilikuwepo vyote, na vilikuwa vimekua. Viwili vilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Alijua maana ya giza lile. Saratani ya tezi ikiachwa muda, wakati mwingine hubadilika tabia. Inasahau ilikotoka, inaacha kunywa madini joto. Dawa ilipita karibu yake na haikuijua.

"Mbona hufurahi?" Chiriku alimgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. "Na wewe! Mtu ukikaa sana na hayo matofali yako unakuwa tofali."

Angeweza kumwachia. Alilifikiria hilo, angeweza kumwachia ile furaha mpaka Daktari amalize simu. Dakika mbili, tatu. Lakini dada yake alikuwa akimtazama usoni, na usoni pale Chiriku alikuwa akisoma tangu mdogo wake ana miaka minne.

Alivuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakigusana.

"Dada, havijaisha. Vipo. Havijawaka kwa sababu havijakunywa dawa. Vimeacha kunywa."

Chiriku aliitazama picha tena, kwa muda mrefu. Mikono yake ilikuwa bado imekutana pale ilipopigia makofi.

"Kingine hakiwezi kuvilazimisha? Kikubwa zaidi?"

"Hapana. Hata tukikupa kumi. Daktari atakueleza dawa nyingine zilizopo. Zinachelewesha. Haziondoi."

"Viliacha lini?"

"Hatujui. Ni katika miezi hii."

Nje, kwenye korido, kitoroli kilipita na kuishia. Chiriku aliishusha mikono yake mapajani.

"Kile cha kwanza," alisema. "Kingekuja ile Ijumaa. Vingekunywa?"

Mfamasia aliitazama ile picha nyeusi. Kisha akasema, "Ndiyo. Wakati ule vilikuwa vinakunywa."

Alisubiri neno lolote, tusi, kilio, chochote ambacho angekistahili. Chiriku alinyoosha mkono akamshika kidevu, kama alivyomshika zamani akimpangusa uso kabla ya shule, akamgeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga.

Hatua za Shemeji zilisikika mwisho wa korido, nzito, za mtu aliyebeba chupa za maji kwa mikono yote miwili.

"Sikiliza," Chiriku alisema upesi, kwa sauti ya chini. "Habari ya kwamba vimebaki nitamwambia mwenyewe leo nyumbani. Hilo la mwisho, usimwambie shemeji yako. Sikia? Hata akikuuliza. Hata mimi nikiwa sipo."

"Dada, siwezi kumdanganya."

"Sijasema umdanganye. Nimesema usimwambie. Akijua hatakusamehe. Mtakuwa mmebaki wawili tu nyie, nani atamlisha chumvi mwenzake?"

Mlango ulifunguliwa. Shemeji aliingia, akamtazama mke wake, akaitazama ile picha nyeusi isiyo na doa, na uso wake ukaanza kuchanua polepole. Mfamasia alinyanyuka akampisha kiti.